Mdhamini wa Sentensi

Jambo ambalo sikulitambua, ingawa lilitokea mbele ya macho yangu kila nilipoketi kuandika, ni kwamba Mpokezi, programu inayopokea maoni ya watumiaji, alikuwa akinishukuru kabla sijamaliza kulalamika. Nilizizoea shukrani zake kama mtu anavyozoea mlio wa jokofu. Nilidhani ni adabu tu iliyopachikwa kwenye programu. Kumbe ilikuwa hukumu: alikuwa ameshasoma sehemu aliyoitaka, ameshaamua, na mlango ameufunga.

Asubuhi moja ya masika nilikuwa sebuleni kwa wifi yangu Tusekile, dada wa marehemu mume wangu, hapa Tukuyu. Mvua ilipiga bati kwa namna ambayo ilitulazimu kuzungumza kwa sauti ya juu. Mashine yake ya kusafisha damu ilikuwa juu ya meza ya chakula, ikichemsha maji. Kabla ya kukubali kumhudumia, mashine hii huchemsha maji, huyapitisha katika mirija yake ili kuua vijidudu, kisha humwita mgonjwa kwa jina. Asubuhi hiyo tena haikumwita. Maji yalitokota, mvuke ukajaa sebule, vioo vya dirisha vikatoa jasho, na kipimajoto cha ubavuni kikapanda hadi nyuzi tisini na tano. Hapo kikagota.

"Bado," ilisema mashine kwa upole. "Ninasubiri nyuzi mia moja."

"Itasubiri mpaka Yesu arudi," alisema Tusekile.

Alikuwa ameketi kwenye kochi, miguu ameiweka juu ya stuli. Ilikuwa imevimba kiasi kwamba kandambili zilikuwa hazimwingii tena.

Tukuyu iko juu, na mahali palipo juu maji hutokota kabla ya kufika nyuzi mia moja. Jambo hili hufundishwa sekondari. Tusekile alilijua, fundi aliyeleta mashine alilijua, hata mimi niliyesomea lugha nililijua. Asiyelijua alikuwa ukurasa.

Na ukurasa ndio uliokuwa na amri. Zamani mashine zilikuja na vitabu vya maelezo ambavyo hakuna aliyevisoma, na mara nyingi mashine ilifanya hili huku kitabu kikisema lile. Watu walipokufa kwa sababu ya tofauti hiyo, Bunge lilipitisha Sheria ya Andiko. Tangu hapo, mashine yoyote inayogusa mwili wa binadamu hairuhusiwi kufanya jambo ambalo halimo kwenye ukurasa wake wa maelezo, ukurasa ulio wazi mtandaoni, unaosomwa na kuhojiwa na mtu yeyote. Mashine huusoma upya kila inapowashwa. Anayebadilisha sentensi amebadilisha mashine. Fundi akijaribu kuilazimisha kufanya vinginevyo, inajifunga.

Kwa muda mrefu ukurasa ulisema: "Chemsha maji mpaka yatokote." Mashine ilifanya kazi vizuri, pwani na milimani. Kisha baadhi ya watumiaji walitoa maoni kwamba maelezo hayo hayatoshi. Yatokote kiasi gani? Mhariri akawasikiliza na kurekebisha: "Chemsha maji mpaka yafike nyuzi mia moja." Ni sentensi nzuri. Ni fupi, ina kipimo, na kule pwani ni ya kweli. Huku kwetu ilikuwa imegeuka kufuli.

"Wifi, si wewe ni daktari?" alisema Tusekile. "Waambie basi."

"Mimi ni daktari wa lugha, wifi."

"Ndiyo maana ninakufa kwa ufasaha."

Nilifungua ukurasa kwenye simu. Chini kabisa palikuwa na swali lile lile: Je, maelezo haya yamekusaidia? Nikabonyeza Hapana. Kisanduku kikafunguka, nacho kikaniomba nieleze zaidi. Nikaandika kama nilivyofundishwa kumwandikia mtu nisiyemjua: nikawasalimu, nikawapa pole ya kazi, nikakiri kwamba mashine hii imeokoa maisha ya wengi na kwamba tunathamini juhudi zao. Kisha nikaingia kwenye shida yenyewe, nikaieleza kwa aya moja safi, pamoja na pendekezo la sentensi mbadala.

Jibu lilitokea papo hapo. "Asante sana, Lugano, kwa maneno yako ya kutia moyo! Tumegundua kwamba ulibonyeza Hapana kwa bahati mbaya. Tumerekebisha jibu lako kuwa Ndiyo ili lilingane na maelezo yako."

Nilisoma mara mbili. Nikamsomea Tusekile.

"Rudia," alisema. "Nataka nicheke vizuri, nimepumua vibaya."

Nyuma yetu, birika la ndani ya mashine lilikuwa limekauka. "Maji yamekwisha," ilisema. "Samahani, Tusekile. Leo sitaweza kukuhudumia. Je, maelezo yangu yamekusaidia?"

"Nipe hiyo kandambili," alisema wifi yangu. "Kama hainiingii mguuni, itaingia hapo."

*

Mlinzi wa ukurasa ule, yaani mhariri aliyeajiriwa kuutunza, aliitwa Bwana Khatibu, mtu wa Unguja aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Namba yake niliipata kupitia mwenzangu wa idara ya kompyuta, ambaye alinionya kwamba walinzi hawapendi kupigiwa, kwa kuwa kazi yao hasa ni kutokubali mambo. Nilimpigia nikiwa ofisini kwangu chuoni.

"Shikamoo, Bi Daktari."

"Marahaba. Unanifahamu?"

"Nimeona jina lako kwenye orodha ya watu walioridhika sana."

Nikamweleza kila kitu, naye akanisikiliza bila kunikatiza hata mara moja.

"Ile sentensi ya nyuzi mia niliiandika mimi," alisema. "Watu waliniomba kipimo, nikawapa kipimo. Sikuwaza milima. Mimi nimekulia mahali ambapo ukipanda juu ya paa ndio umefika juu."

"Basi ifute."

"Siruhusiwi. Sentensi ikishathibitishwa na watumiaji, sisi tulioajiriwa hatuigusi tena. Sheria ilitaka hivyo ili kampuni zisifute makosa yao kimyakimya usiku. Na sentensi hii imethibitishwa. Imethibitishwa na nyinyi, samahani kusema. Hakuna ukurasa unaosifiwa kama huu kutoka nyanda za juu kusini."

Ndipo aliponieleza jinsi Mpokezi anavyopima. Alifunzwa kwa maandishi ya watu ambao wakiwa na shida huanza na shida, na wakiwa na shukrani huanza na shukrani. Kwa hiyo hupima mwanzo wa maoni na kuyapa uzito wote. Kinachofuata hukichukulia kama mapambo. Watu wa kwetu, ambao hawawezi kumwambia mtu kwamba nyumba yake inaungua bila kumuuliza kwanza watoto hawajambo, walikuwa wakipeleka malalamiko yao ndani ya bahasha ambayo hakuna aliyeifungua.

"Unajua hilo na umekaa nalo?" niliuliza, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia.

"Nimeliripoti, Bi Daktari. Kupitia Mpokezi, maana ndiyo njia tuliyopewa. Nilianza na salamu."

Sikujua kama nicheke au nikate simu.

"Kuna mlango mwingine," aliendelea. "Taarifa ya madhara. Mtu akiapa kwamba mgonjwa ameumia kwa sababu ya ukurasa, ukurasa unapelekwa kwa jopo na lazima wauamue. Lakini ukurasa ukisubiri jopo, mashine zote zinazousoma zinasimama. Nchi nzima."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka jopo likutane. Kuna bibi mmoja Mafia anayetumia mashine hii hii. Huwa ananiandikia. Kutoka kwake mpaka hospitali yenye huduma hii ni kuvuka maji. Mimi sikushauri wala sikukatazi. Nakuambia tu yupo."

Jioni nilimweleza Tusekile. Alinisikiliza huku akijipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Andika nimekufa," alisema. "Wakishatengeneza nitafufuka. Hata msibani nitakuja, nile."

"Hujaumia bado, wifi. Nitakuwa nimeapa uongo."

"Tazama mguu huu. Huo ni uongo?"

"Na yule bibi wa Mafia?"

Aliutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeuacha pale. "Usiniletee watu humu ndani," alisema hatimaye. "Nilikuwa nakasirika vizuri kabisa kabla hujamleta huyo bibi."

Fomu ya kiapo ilikuwa wazi kwenye simu yangu. Niliifunga.

*

Wagonjwa wa figo wa Tukuyu wana umoja wao. Hukutana kwenye ukumbi wa zahanati, wachache tu, baadhi wakiwa na mashine kama ya Tusekile na zote zimekwama kwenye nyuzi zile zile. Niliomba nafasi ya kuzungumza nao. Niliwaeleza kwamba kila mmoja wao alikuwa amelalamika, na kila mmoja alikuwa amehesabiwa kama mtu mwenye furaha.

Mwenyekiti wao, Mwalimu Ambakisye, mkuu wa shule mstaafu ambaye hata akiwa mgonjwa huvaa tai, aliniruhusu kuyasoma maoni yake kwa sauti. Yalikuwa barua kamili. Yalianza kwa kumtukuza Mungu aliyetujalia uzima, yakawapongeza wataalamu wa taifa, yakawatakia heri familia zao, na mwishoni kabisa, baada ya neno "hata hivyo", yakasema kwamba mashine haimalizi kuchemsha na kwamba mwandishi anaomba radhi kwa usumbufu.

"Mpokezi amekuweka daraja la juu kabisa la kuridhika," nilimwambia.

"Barua imeandikwa vizuri," alisema Mwalimu kwa kujitetea.

"Imeandikwa vizuri mno, Mwalimu. Ninachowaombeni ni hiki. Andikeni upya. Bila salamu, bila pole, bila Mungu. Neno la kwanza liwe 'kosa'."

Walinitazama kama nimetukana.

"Bi Lugano," alisema Mwalimu, "mimi nimefundisha watoto kuandika barua maisha yangu yote. Mtoto aliyeanza barua bila salamu nilimrudishia daftari. Leo unataka nimvamie mtu asiyenijua na kumwambia 'kosa', kama polisi?"

"Si mtu, Mwalimu. Ni programu."

"Na nyuma ya programu?"

"Yupo Bwana Khatibu."

"Basi ni mtu."

Mama mmoja aliyekaa nyuma alisema kwamba yeye akimwandikia mtu hivyo hatapata usingizi. Mwingine aliuliza kama anaweza kuweka salamu mwishoni. Nikasema anaweza kuweka chochote mwishoni, maana mwishoni hakuna anayefika. Nilijisikia nikisema hivyo na sikujipenda. Nimetumia miaka mingi kuwaeleza wanafunzi kwamba salamu ni sehemu ya maana, kwamba anayesalimia anampa mwenzake nafasi ya kuwa mtu kabla ya kuwa mhudumu. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya wagonjwa nikiwaomba wakate sehemu hiyo ili mashine iwaone.

Tusekile, ambaye tulikuwa tumemleta kwa gari la jirani, ndiye aliyeumaliza ubishi.

"Mwalimu," alisema, "wewe andika tu. Dhambi nitaibeba mimi. Nina nafasi, nimevimba."

Walicheka, kisha wakaandika. Nilizunguka katikati yao kama msimamizi wa mtihani. Mwalimu Ambakisye alikaa na simu yake muda mrefu kuliko wote. Aliandika neno moja, "Kosa," akaweka nukta, akaongeza sentensi yake kuhusu maji, akabonyeza, kisha akavua miwani na kuifuta ingawa haikuwa na uchafu.

Kabla hatujatoka ukumbini, rangi ya ukurasa ilikuwa imebadilika. Pale palipokuwa pameandikwa Umethibitishwa paliandikwa Una Shaka. Kama ungekaa hivyo hadi kesho yake, kufuli lingefunguka na Bwana Khatibu angeruhusiwa kuirudisha sentensi ya zamani. Nilimkumbatia Tusekile. Alisema nimuache, anatoka jasho.

*

Asubuhi yake ukurasa ulikuwa Umethibitishwa.

Niliuburuza juu na chini nikitafuta kosa la simu yangu. Nikampigia Bwana Khatibu, naye akapokea kwa sauti ya mtu aliyekuwa akinisubiri.

"Wameomba msamaha, Bi Daktari."

"Nani?"

"Wote. Jana jioni, mmoja baada ya mwingine. Ngoja nikusomee. 'Habari za jioni, poleni na kazi. Naomba radhi kwa lugha niliyotumia mchana, haikuwa ya kiungwana. Nyinyi ni watu wema na mnafanya kazi kubwa.' Huyu amesaini: Mwalimu Ambakisye, Mkuu wa Shule Mstaafu. Mpokezi amesema hajawahi kupata ukurasa uliopendwa kiasi hiki. Sasa umefungwa kwa kufuli la daraja la pili."

Niliweka paji la uso juu ya meza. Sikulia, nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na mahali pa kwenda. Ningemkasirikia nani? Mpokezi, aliyefanya alivyofunzwa? Khatibu, aliyewapa watu kipimo walichokiomba? Au Mwalimu, ambaye hakuweza kulala akiwa amemwambia mgeni neno moja kavu?

Nilimpigia Mwalimu hata hivyo.

"Shikamoo, Mwalimu. Kwa nini?"

"Marahaba. Nilidhani lile la mchana limeshafika," alisema. "Nilidhani likishafika limefika, na mtu anaweza kutengeneza uhusiano."

*

Siku chache baadaye maji yalimwingia Tusekile mapafuni. Tulimpeleka hospitali ya Mbeya, wakampa kitanda na zamu kwenye mashine yao kubwa, zamu ambayo ilimaanisha kwamba mtu mwingine alisogezwa. Daktari kijana alituambia waziwazi kwamba hawezi kumwekea nafasi hiyo daima. Akirudi nyumbani, lazima awe na mashine inayofanya kazi. Asipokuwa nayo, tujiandae. Hakusema tujiandae kwa lipi.

Sasa taarifa ya madhara isingekuwa uongo. Niliifungua tena fomu ya kiapo nikiwa kwenye benchi la korido, nikiwa na haki zote upande wangu, na bado yule bibi wa Mafia alikuwa palepale. Ukweli wa kiapo changu usingemvusha maji.

Nilimpigia Bwana Khatibu, zaidi kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyenielewa.

"Kuna mlango wa tatu," alisema, taratibu, kama mtu anayetoa kitu alichotumaini hakitaombwa. "Sikukutajia kwa sababu hakuna anayeutumia. Udhamini. Mtumiaji yeyote ambaye si mwajiriwa wetu anaweza kuongeza sentensi moja kwenye ukurasa uliofungwa. Haihitaji kura. Inaanza kufanya kazi siku hiyo hiyo. Lakini inakaa na jina lake, na lolote litakalofanywa na mashine yoyote kwa sababu ya sentensi hiyo, yeye ndiye anayejibu mahakamani, kama dereva anavyojibu kwa gari lake. Na hawezi kujitoa mpaka apatikane mwingine wa kuichukua."

"Hupatikana?"

"Sijawahi kuona."

Kwa siku kadhaa nilikuwa nimetoa maoni kwa bidii, kwa ufasaha, kwa hasira. Nilikuwa nikimtaka mtu fulani aandike sentensi. Haikunipitia akilini kwamba mtu huyo angehitajika kuwa na jina.

Nilikwenda kwa Dakta Gwamaka, mwenzangu chuoni, mtaalamu wa vijidudu. Nikampa sentensi niliyokuwa nimeitunga: Mahali ambapo maji yanatokota na joto limeacha kupanda kabla ya nyuzi mia moja, yaache yatokote kwa muda maradufu ya ule wa kawaida, kisha endelea.

Aliisoma akiwa amesimama. "Ni sahihi," alisema. "Nyuzi tisini na tano kwa muda huo, hakuna mdudu wa kumhofia atakayebaki kwenye mirija."

"Utaidhamini?"

Aliirudisha karatasi mezani kwangu kwa kidole kimoja. "Lugano, umeniuliza kama ni sahihi. Hilo lingine ni swali lingine. Mimi nina watoto wanaosoma."

"Kama ni sahihi unaogopa nini?"

"Naogopa kipimajoto kibovu. Mahali fulani kuna mashine ambayo kipimajoto chake kimeganda. Leo inasubiri nyuzi mia, haizipati, inajifunga, mgonjwa anakwenda hospitali. Kwa sentensi yako itaona joto limeacha kupanda, itadhani maji yanatokota, itaendelea na maji ya uvuguvugu. Sentensi ya yule bwana inawanyima watu wako huduma. Ya kwako inaweza kumwua mtu mmoja usiyemjua."

"Mashine inasikia. Inaweza kuamriwa isikilize mtokoto."

"Weka hilo. Litapunguza hatari. Halitamaliza."

Niliweka hilo. Nikaongeza kwamba mashine isikie maji yakitokota, na isipoyasikia isiendelee. Sentensi ikawa ndefu, ya aina ambayo ningeikata kwa kalamu nyekundu kwenye kazi ya mwanafunzi. Gwamaka aliisoma tena, akaitikia kwa kichwa.

*

Tusekile alikuwa ameegemea mito nilipomweleza. Uso wake ulikuwa umepungua uvimbe, na ulimi umemrudia.

"Kwa hiyo nikipona, halafu mtu wa Songea akafa, unafungwa wewe."

"Inawezekana."

"Na usipoandika?"

"Unajua."

"Sitakuambia andika," alisema. "Nikikuambia, nitakuwa nimekuomba uende jela kwa ajili ya figo zangu, na figo zenyewe hazifanyi kazi. Sitakuambia pia usiandike, maana mimi si malaika. Nataka kurudi nyumbani. Nina migomba inaoza."

"Sikuombi uniambie, wifi."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukaa."

"Basi kaa. Usinipumulie kama mchungaji."

Nilikaa. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akimwelekeza mwanawe kwenye simu mahali pa kununua mkaa wa bei nafuu. Nilimwaza yule mtu wa Songea ambaye Tusekile alimtaja kwa mzaha. Nilijaribu kumpa sura, umri, mashine yenye kipimajoto kilichoganda. Nilijaribu pia kumwaza bila sura, kama uwezekano mdogo tu, na nikagundua kwamba hivyo alikuwa mwepesi kupita kiasi na ilinipasa nimrudishie sura. Ikiwa ningesaini, ningesaini huku nikimwona.

Kisha nikafungua ukurasa. Nilipita swali la kama maelezo yamenisaidia, nikateremka hadi mahali ambapo sikuwahi kufika. Paliniuliza jina kamili, namba ya kitambulisho na alama ya kidole gumba. Palinionya mara tatu, kwa lugha kavu isiyo na shukrani yoyote, kwamba uwajibikaji huu hauhamishwi kwa ridhaa ya upande mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza katika mkasa huu kuandikiwa na mtu aliyemaanisha alichosema.

"Umeweka kidole?" aliuliza Tusekile, macho ameyafumba.

"Nimeweka."

Hakusema asante. Alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, akakishika kwa nguvu mpaka alipopitiwa na usingizi.

Jumamosi tulimrudisha Tukuyu. Niliwasha mashine mwenyewe. Maji yalitokota, mvuke ukapanda, kipimajoto kikafika tisini na tano na kugota. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na meza, mikono nimeifunga. Mashine ilisikiliza maji yake kwa muda nilioona mrefu sana, ikayaacha yatokote zaidi, kisha yakaanza kupita mirijani.

"Tusekile," iliita. "Nipo tayari."

"Umechelewa," alisema wifi yangu, na kunyoosha mkono.

Tangu wakati huo anasafishiwa damu nyumbani, na Mwalimu Ambakisye na wenzake pia. Ukurasa una sentensi mbili juu ya maji; ya pili ina jina langu, na maoni kuihusu hayaendi tena kwa Mpokezi, yanakuja kwangu. Nimeacha kufundisha darasa la jioni ili nipate muda wa kuyajibu.